Saa ya Mkononi Inapokuambia Upumzike

Kati ya namba zote ambazo saa janja hunionyesha, niangalie ipi kwanza?

Mapigo ya moyo ukiwa umetulia. Kwa watu wazima wengi huwa 60 hadi 100 kwa dakika, ingawa mkimbiaji mzoefu anaweza kuwa na 45 na akawa mzima kabisa. Ndiyo maana hakuna faida ya kujipima kwa namba za mwenzako. Lala na saa mkononi kwa siku 14 za maisha yako ya kawaida, usiwe mgonjwa wala hujazidisha mazoezi, kisha chukua wastani.

Yakipanda nifanye nini?

Tuseme wastani wako ni 58. Leo umeamka na 60: endelea na ratiba. Ukiona 63 au 64 asubuhi mbili mfululizo, na miguu ni mizito au usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu, acha mbio za kasi, tembea dakika 30. Ikifika 68, usifanye mazoezi kabla hujajua sababu.

Na sababu si uchovu peke yake. Pombe ya jana, chakula kizito kabla ya kulala, upungufu wa maji, usiku wa Februari Dar es Salaam bila feni, hata mimba changa, vyote hupandisha mapigo. Homa nayo: joto la mwili likiongezeka nyuzi 1, mapigo huongezeka takriban 10 kwa dakika. Ukihisi baridi na kichwa kinauma, nenda ukapime malaria. Tunawasihi wanaoamini homa hutolewa kwa jasho uwanjani waache kabisa. Baadhi ya virusi hushambulia msuli wa moyo, na mazoezi makali wakati huo yanaweza kuvuruga mapigo kiasi cha kuua.

Na ile namba ya milisekunde?

Moyo haupigi kwa usawa kama saa ya ukutani. Muda kati ya pigo na pigo hutofautiana kidogo, na namba hiyo (saa nyingi huiita HRV) hupima tofauti hiyo. Mwili uliopumzika kwa kawaida huonyesha tofauti kubwa zaidi, uliochoka ndogo. Ila namba hii hurukaruka: 48 leo, 37 kesho. Fuata wastani wa siku 7, usiahirishe mazoezi kwa asubuhi moja mbaya.

Nakimbia polepole huku naongea, saa inasema 170. Kwa nini?

Huenda inahesabu hatua zako. Taa ya kijani chini ya saa husoma damu inayopita kwenye ngozi. Mkanda ukilegea, mtikisiko wa mkono huifanya ikosee, na hatua 170 kwa dakika zikasomeka kama mapigo 170. Futa jasho na mafuta, pandisha saa upana wa vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo, ikaze isiteleze. Kisha ihakiki: simama, weka vidole viwili kwenye mshipa ulio upande wa kidole gumba, hesabu sekunde 15 papo hapo, zidisha mara 4. Mchoro wa tatuu chini ya taa pia huizuia kusoma.

Mazoezi kiasi gani yanatosha?

Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za nguvu, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku 2. Ukiwa na miaka 40, toa umri kwenye 220 upate 180, makadirio ya mapigo ya juu kabisa ya moyo wako. Mazoezi ya wastani ni kama mapigo 115 hadi 137. Kanuni hiyo hukosea kwa mapigo 10 au zaidi, hivyo tumia na mdomo: unaweza kuongea, huwezi kuimba.

Natumia dawa ya presha.

Atenolol, bisoprolol na propranolol hupunguza kasi ya moyo, kwa hiyo hesabu ya 220 haikufai. Tumia kipimo cha kuongea, na usiache dawa ili namba zipande.

Ni wakati gani nisiisikilize saa?

Kifua kikibana, ukizirai au pumzi ikikata ghafla, nenda hospitali mara moja, hata kama kioo kinaonyesha kila kitu ni kijani.