Kitu kimoja ndani, ndugu zake nje: siku mbili Mombasa

Safari zangu nyingi huamuliwa Ijumaa jioni. Nikishaosha brashi na kufunika ndoo ya chokaa, hamu hunijia, na kesho yake alfajiri niko stendi. Mkobani natia pasipoti, daftari, penseli laini, tochi ndogo na kanga moja. Basi. Kutoka Tanga unaweza kwenda Pangani ukarudi siku hiyohiyo. Mombasa, kwa sababu ya mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga, naipa siku mbili na usiku mmoja.

Kazi yangu ni kuhifadhi lipu za chokaa na michoro ya ukutani katika majengo ya kale. Watu huniuliza mtu afanyeje akifika makumbusho ilhali muda ni mfupi. Jibu langu ni moja tangu miaka: chagua kitu kimoja, kitazame mpaka kikuzoee, kisha toka nje ukatafute ndugu zake mjini. Nilianza kufanya hivi baada ya safari moja ambayo nilipita majengo matatu ya makumbusho kwa siku moja. Nilirudi nyumbani na picha mia na ushei kwenye simu, na sikuweza kumweleza mama yangu hata kitu kimoja nilichokiona.

Ukitokea kusini, Mombasa unaiingia kwa maji. Unashuka Likoni, unapanda feri na umati wa watu, baiskeli na mikokoteni, na kisiwa kinakujia taratibu. Ng'ambo, panda matatu mpaka karibu na Mji wa Kale, uingie Fort Jesus mapema kabla jua halijawa kali. Beba kitambulisho, maana kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki si sawa na cha mgeni wa mbali.

Wareno walianza kuijenga ngome hii mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano aliyeipa umbo la mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini. Waomani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Waingereza wakaifanya jela mpaka 1958. Kila mmoja aliacha alama yake kwenye kuta, na kuna mengi ya kutazama: mizinga, mali iliyoopolewa kutoka meli ya Kireno Santo António de Tanná iliyozama hapo mbele mwaka 1697, ukumbi wa Mazrui wenye maua yaliyofifia ukutani. Vyote vizuri. Mimi huvipita.

Naenda kwenye michoro ya mabaharia.

Ni michoro iliyoachwa na Wareno waliokaa ngomeni humo, kwa makaa na udongo mwekundu, na mingine imekwaruzwa tu juu ya lipu. Hakuna aliyewatuma. Hawa hawakuwa wachoraji wa makanisa wala wa wafalme, bali watu waliokaa mbali na kwao wakitazama bahari, wakachora walichokijua. Kuna watu, kuna samaki, na zaidi kuna vyombo: merikebu za Kizungu, majahazi ya Waarabu, na mtepe wa kwetu.

Mwanzoni unaona mistari iliyovurugika. Usiondoke. Mpe mtunzaji wa chumba salamu, mwombe ruhusa ya kutumia tochi, na akikubali usiimulike michoro usoni. Simama pembeni, mwanga upite ubavuni, karibu ulale na ukuta. Kila mkwaruzo utatupa kivuli chake, na chombo ulichokuwa hukioni kitajitokeza. Ndivyo tunavyofanya sisi kazini kabla hatujagusa chochote. Na wewe usiguse kabisa. Jasho na mafuta ya kidole yakishaingia kwenye lipu hayatoki.

Kisha toa penseli uchore. Si lazima ujue kuchora. Mkono ukifuata mstari, jicho hulazimika kuuliza: kamba hii inatoka wapi, inafungwa wapi? Mimi ni mtu wa Tanga, lakini siku ile ya kwanza ndipo nilipogundua kuwa sijawahi kulitazama tanga. La jahazi lina pembe tatu na limeinama. La mtepe ni la mraba, na lilisukwa kwa majani kama mkeka. Mbao za mtepe hazikupigiliwa misumari. Zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Vyombo hivyo, vilivyohusishwa zaidi na visiwa vya Lamu na Wabajuni, vilitoweka baharini mwanzoni mwa karne ya 20. Aliyekichora ukutani alikiona kwa macho, kikielea.

Nisiiache lipu yenyewe, kwani bila hiyo tusingekuwa na chochote. Chokaa ya pwani hutoka baharini: matumbawe huchomwa kwa kuni siku nzima au zaidi, humwagiwa maji, yakafumuka na kulainika, kisha huachwa yakomae. Ikishapakwa ukutani, chokaa huvuta hewa ukaa taratibu na kurudi kuwa jiwe. Adui yake ni chumvi. Maji hupanda kutoka ardhini yakiwa na chumvi, yakifika juu hukauka, na chumvi iliyobaki hugeuka chembe ngumu zinazosukuma lipu kutoka ndani mpaka ibanduke kama magamba. Ndiyo maana roho huniuma nikiona nyumba ya kale imezibwa kwa saruji. Saruji haipumui kama chokaa. Maji yakikosa njia hapo, hutafuta jiwe laini la jirani na kulimaliza. Ukitembea Mji wa Kale utaona ukuta uliovimba na kumomonyoka juu kidogo ya kiraka cha kijivu. Ukishajua sababu, hutaacha kuviona viraka hivyo.

Nikitoka ngomeni naingia mtaa wa Ndia Kuu nikiwa na daftari wazi. Pale nawatafuta ndugu wa kile nilichokichora. Milango iliyonakshiwa naitazama, nauona mnara wa msikiti wa Mandhry uliosimama kama mkuki mweupe, lakini miguu inaelekea Bandari ya Kale. Njiani nanunua mahamri na mbaazi kwa mama mmoja barazani, nakula nimesimama.

Safari yangu ya mwisho, mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu na gati aliniona nikichora.

"Salaam aleikum, babu."

"Aleikum salaam, mwanangu. Wachora nini?"

Nilimwonyesha ukurasa wa asubuhi. Aliushika mbali na macho, akautazama muda mrefu.

"Huu mtepe," akasema. "Mimi sikuuwahi. Babu yangu akiutaja." Akaweka kidole pale nilipochora mshono. "Hapa umekosea. Kamba ya kushonea haiwi nyembamba hivi."

Akainama, akachomoa nyuzi kwenye kumbi la nazi lililotupwa kando, akazigawa mafungu mawili, akazisokota kwa kiganja juu ya paja lake, upande mmoja kisha mwingine, mpaka ukatoka ugwe wa urefu wa dhiraa. Akanipa, akaniambia niuvute. Niliuvuta kwa mikono miwili na haukukatika.

Jioni hiyo, kwenye feri ya kurudi Likoni, niliufuta ule mshono nikauchora upya.