Maganda ya kamba na nyanya zinazonyauka

Nyanya ikinyauka adhuhuri kando ya Mto Sabaki hapa Malindi, majani yangali mabichi, wengi hukimbilia dawa ya ukungu. Kwanza kata shina karibu na mizizi, litumbukize kwenye glasi ya maji safi, ungoje dakika chache. Ukiona uzi mweupe wa utelezi unateremka, huo ni mnyauko wa bakteria, Ralstonia solanacearum. Dawa ya ukungu haimdhuru.

Bakteria wa madoa ya majani, jamii ya Xanthomonas, tumezoea kuwapiga kwa dawa ya shaba. Lakini shaba haiozi, hurundikana udongoni, na baadhi yao wameshaizoea. Ndipo watafiti wakageukia nano: chembe za kati ya nanometa 1 na 100. Kwa udogo huo dawa hugusana na bakteria kwa eneo kubwa zaidi, hivyo kiasi kidogo hutosha.

Inayonivutia mimi ni kitosani, kwa kuwa malighafi tunaitupa wenyewe: maganda ya kamba na kaa. Huondolewa madini kwa asidi na protini kwa magadi makali (kostiki soda), kisha hupikwa tena kwenye magadi makali zaidi. (Si kazi ya jikoni, yanababua ngozi.) Chembe zake zina chaji chanya, utando wa bakteria una chaji hasi; zikimnata, utando huvuja. Tena mmea ukiihisi hudhani umevamiwa na kuvu, ukaamsha kinga yake. Baadaye vijidudu vya udongoni huila ikaisha.

Kuna pia chembe za madini ya fedha zinazotengenezwa kwa maji ya majani ya mwarobaini, nazo husifiwa kuwa rafiki wa mazingira. Hapo nasita. Mwarobaini umesaidia kuzitengeneza tu. Kinachobaki shambani ni fedha, ambayo huua hata bakteria wenye faida, na mvua huweza kuisukuma hadi Sabaki na baharini waliko kamba wenyewe.

Ukiuziwa chupa ya “nano” agroveti, tafuta kwenye lebo nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosajili dawa za mimea. Isipokuwepo, usinunue. Na kwa mnyauko, bakteria yumo ndani ya mishipa ya shina, kupulizia majani hakumfikii vizuri. Ng'oa mche na mizizi yake, uchome, maji ya shimo hilo yasitiririkie miche mingine. Msimu ujao panda mahindi; usipande biringani, pilipili wala viazi mviringo, wote ni ukoo mmoja na nyanya.