Je, wajua kwa nini Mto Okavango hufurika wakati wa ukame?

Maun, kaskazini mwa Botswana, mwezi wa Julai: ni kipupwe, mvua ilishakatika miezi kadhaa nyuma, vumbi limetanda kila mahali. Na ndipo Mto Thamalakane, unaopita mjini hapo, huanza kujaa. Maji hayo yanatoka wapi?

Yanatoka Angola. Mvua za kati ya Novemba na Machi hunyesha kwenye nyanda za juu za Bié na kujaza mito ya Cubango na Cuito. Mito hiyo hukutana, ikakatiza ukanda mwembamba wa Namibia, kisha ikaingia Botswana kwa jina la Okavango. Hapo mwendo hulegea. Ardhi ya delta, yaani eneo ambamo mto hutawanyika kuwa vijito vingi, ni tambarare mno: kila kilomita tatu au nne, maji hushuka kama mita moja tu. Tena lazima yapenye kwenye mafunjo na kuunywesha kwanza mchanga wa Kalahari wenye kiu. Kuivuka delta peke yake huchukua takriban miezi minne, kwa hiyo mvua ya Januari huonekana Maun katikati ya mwaka.

Baharini hayafiki. Nyufa kubwa za ardhi, ambazo wanajiolojia wengi huzihesabu kuwa ncha ya Bonde la Ufa letu, zimeyawekea kizingiti. Zaidi ya asilimia 95 huishia hewani.

Kwangu mimi, fumbo lenyewe ndilo hili. Maji yakikauka, chumvi hubaki. Litazame Ziwa Natron la Tanzania, lenye magadi tele. Mbona basi maji ya Okavango ni matamu, yanayonyweka?

Kazi ya kuyaondolea maji chumvi hufanywa na miti. Delta ina visiwa maelfu kwa maelfu, vingi vikiwa vilianza kama vichuguu vya mchwa. Kandokando yake huota mikuyu na mikindu, ambayo mchana kutwa hufyonza maji ya chini ya ardhi na kuiacha chumvi hukohuko chini ya kisiwa. Miaka inavyopita, maji ya chini katikati ya kisiwa huwa makali hata miti ikafa. Ukiingia ndani utakuta uwanja mtupu wenye ukoko mweupe: magadi, jamaa ya yale yanayolainisha maharage jikoni. Na hatua chache kutoka hapo, ng'ambo ya miti, tembo wanakunywa maji baridi.