Je, wajua kwa nini Denver ina njia ya kurukia ndege yenye urefu wa karibu kilomita tano?

Ukinunua pakiti ya krispi Mombasa ukapanda nayo basi hadi Nairobi, ukifika utaikuta imevimba, inataka kupasuka. Hakuna aliyeipuliza. Hewa iliyofungiwa ndani ni ile ile ya pwani. Ya nje ndiyo iliyopungua, haiibani tena pakiti kama ilivyoibana kule chini. Pakiti hiyo ndiyo mwanzo wa jibu letu.

Denver iko Colorado, Marekani, pale nyanda kubwa za nyasi zinapokomea na Milima ya Rocky inapoanzia. Uwanja wake wa ndege, uliofunguliwa Februari 1995, uko mashariki ya mji, kwenye uwanda mtupu, nao umechukua kilomita za mraba zipatazo 137. Una njia sita za kurukia. Tano zina mita 3,658 kila moja. Ya sita, iliyoanza kutumika 2003, ina mita 4,877, na katika viwanja vya abiria vya Amerika Kaskazini hakuna iliyoizidi. Nchi tambarare hudanganya macho: ukisimama pale unajiona uko chini kwa sababu milima iko mbele yako, kumbe uko mita 1,655 juu ya usawa wa bahari. Jomo Kenyatta ya Nairobi iko mita 1,624, yaani karibu sawasawa, na njia yake ya kurukia inapita mita 4,100. Hiyo si sadfa.

Ndege hubebwa na hewa inayopita kwenye mabawa. Hewa ikiwa nyepesi, bawa halipati cha kutosha cha kuegemea, kwa hiyo ni lazima likimbizwe zaidi. Injini nazo zinavuta hewa hiyo hiyo nyepesi, nguvu zikapungua. Mwendo unaotakiwa umepanda, na nguvu ya kuufikia imeshuka! Kinachobaki ni kumpa rubani lami zaidi.

Sasa ongeza jua. Joto hutanua hewa na kuifanya nyepesi zaidi. Mchana wa Julai, Denver ikifika nyuzi 35, hewa yake hubaki na kama asilimia 77 tu ya uzito wa hewa ya kawaida ya pwani. Ndege ambayo ingeinuka kwa kilomita 250 kwa saa pale baharini itabidi ifike kama 285. Kinachonifurahisha ni kwamba kipima mwendo kilicho mbele ya rubani hakitamwonyesha tofauti hiyo, kwani chenyewe hupima msukumo wa hewa, si mwendo wa ardhini. Tairi ndizo zinazoijua tofauti, na tairi zina kikomo cha mwendo. Kwa hesabu za marubani, uwanja siku hiyo ni kama umepandishwa hadi mita 2,700 na ushee, juu kuliko uwanja wa Addis Ababa ulio mita 2,334. Ikiwa hata lami hiyo haitoshi, hupunguzwa mzigo, au husubiriwa jioni ipoe. Nairobi ina bahati ya baridi yake. Hata hivyo, ndege ya moja kwa moja ya Nairobi hadi New York ilipoanza Oktoba 2018, iliondoka usiku. Ratiba ina sababu nyingi, lakini kwa ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu, ubaridi wa usiku ni msaada.

Lakini uwanja haupangwi kwa urefu wa njia tu. Kuna upepo pia, na huu huamua mwelekeo. Ndege hupenda kuruka ikiukabili upepo, maana upepo wa mbele huyapa mabawa mwendo wa bure. Ndiyo maana njia nne za Denver zimelazwa kaskazini na kusini, mbili mashariki na magharibi, na hakuna inayokatana na nyingine.

Kisha kuna mvua isiyofika chini. Kiangazi, hewa ya uwandani ni kavu kiasi kwamba matone hukauka yakiwa bado angani. Ukitazama unaona pindo la kijivu limening'inia chini ya wingu, na ardhi kavu. Tone linapokauka hupoza hewa, hewa baridi ni nzito, basi huporomoka kwa kishindo, ikigonga ardhi inatawanyika pande zote kama maji ya ndoo yaliyomwagwa sakafuni. Ndege inayokuja kutua hukutana kwanza na upepo wa mbele, ikapanda. Sekunde chache baadaye upepo uko mgongoni, ikazama. Agosti 1985 huko Dallas/Fort Worth, uwanja mwingine wa nyandani, ndege ya Delta 191 iliangushwa na poromoko la namna hiyo, ingawa lile lilikuwa na mvua, na watu 137 wakafa. Mwaka 1982 wanasayansi, Ted Fujita akiwa mmoja wao, walikuwa wameweka rada na vipimo Denver kulichunguza jambo hilo hilo.

Uwanja mkubwa hivi hauna upepo mmoja. Denver ina vipima upepo 32 vilivyosambazwa, na bado jioni ya Desemba 20, 2008, ndege ya Continental 1404 ilipewa upepo wa ubavuni wa kilomita 50 kwa saa. Pale ilipokuwa ikikimbia, hewa iliyovuka milima ilikuwa ikishuka kwa mawimbi na kupiga hadi 83. Boeing 737 ile ilitoka nje ya njia, ikaingia bondeni na kuwaka moto. Watu wote 115 walitoka hai.

Juni 18, 2013, kimbunga kidogo cha tornado kilipita ndani ya uwanja wenyewe. Abiria waliingizwa vyooni na kwenye ngazi wajikinge. Kipima upepo kilisoma kilomita 156 kwa saa, kisha kikanyamaza.