"Athari ya kazi" katika maombi ya kuhamia nje kwa ujuzi: maana yake

Neno "athari" tumelizoea kwa mabaya: athari za kipindupindu, athari za mvua za masika. Kwenye faili la mtaalamu anayeomba kuhamia nchi nyingine, maana yake ni ya kheri. Ni kile kilichobadilika nje ya ofisi yako kwa sababu ya kazi yako, na ambacho mtu asiyekujua anaweza kukihakiki kwenye karatasi. Uliloajiriwa kulifanya ni wajibu. Hata ukilifanya vizuri mno, bado ni wajibu.

Si kila viza inaliuliza hili. Viza ya Uingereza ya mfanyakazi mwenye ujuzi hutazama zaidi mwajiri anayekudhamini, aina ya kazi, mshahara na Kiingereza chako. Athari hupewa uzito pale mtu anapojiombea mwenyewe bila mwajiri, kama Marekani kupitia fomu I-140, ya kuombea ukaazi wa kudumu kwa msingi wa kazi.

Tuseme mwombaji ni mhandisi anayekarabati nyumba za Mji Mkongwe. Anaandika: "Nilisimamia ukarabati wa nyumba 12." Afisa hapo anaona mtu aliyekuwa kazini, basi. Kumbe mhandisi huyu alishughulikia tatizo la plasta ya saruji, inayofungia unyevu na chumvi ndani ya kuta za mawe ya matumbawe, ukuta ukawa unamumunyuka huku nje unang'ara. Alijaribu viwango vya chokaa na mchanga, akaviandika kwenye mwongozo wa kurasa sita. Miaka miwili baadaye mwongozo huo umo kwenye masharti ya zabuni za majengo ambayo yeye hakuyagusa. Athari ni hiyo. Ushahidi wake ni mwongozo wenye jina lake na tarehe, ukurasa wa zabuni unaoutaja, na barua ya mkandarasi aliyeutumia bila kuwahi kufanya naye kazi.

Kwenye barua ndipo wengi wanapoharibu. Sisi tukimsifu mtu tunaanzia tabia: mchapakazi, mwadilifu, anaelewana na wenzake. Sifa njema, lakini hapa hazisaidii kitu. Barua iseme mwandishi ni nani, ameijuaje kazi hiyo, ameitumiaje, na nini kilipungua au kuongezeka, kutoka ngapi hadi ngapi. Barua tano zenye sentensi zilezile zinamwambia afisa kwamba zimetoka kompyuta moja.

Kosa jengine ni kuweka athari mahali sipo. Tangu uamuzi wa 2016 wa ofisi ya rufaa za uhamiaji ya Marekani, uitwao Dhanasar, anayeomba Marekani asamehewe sharti la mwajiri kwa maslahi ya taifa hupimwa kwa mambo matatu: kazi anayokusudia kuifanya iwe na thamani na umuhimu wa kitaifa, yeye awe na uwezo wa kuiendeleza, na kumsamehe kuwe na faida kwa Marekani. La kwanza linatazama mbele. Chokaa ya Mji Mkongwe ni ya jambo la pili, inaonesha kuwa anaweza. Kwenye la kwanza aeleze atakachokifanya kule, mathalani kwa majengo ya kale ya pwani yanayoliwa na chumvi. Kusema "uhandisi ni muhimu kwa taifa" hakumsogezi, kwa sababu kinachopimwa ni mradi wake, si fani nzima.

Karatasi za Kiswahili, hata kipande cha gazeti la Zanzibar Leo, zitafsiriwe zote kwa Kiingereza, si aya inayokutaja tu. Mfasiri atie saini kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba anazimudu lugha zote mbili, na nakala ya Kiswahili iambatishwe nayo.