Waraka haubadilishi kazi

Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yaani karatasi ya mambo ambayo timu huyahakikisha kwa sauti kabla na baada ya kumpasua mgonjwa, iliyojaribiwa katika hospitali nane za miji minane. Vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Jimbo la Ontario, Kanada, nalo likaagiza hospitali zake ziitumie. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya hospitali 101 za huko: hawakuona vifo vimepungua kwa kiasi cha kutegemewa, ingawa ripoti za hospitali zenyewe zilionyesha orodha inatumika karibu kila mara.

Wataalamu wamebishana kuhusu tofauti hiyo. Mimi naamini kilichosafiri ni karatasi. Kinachookoa mgonjwa ni timu kusimama kabla ya kisu kushika ngozi, kila mmoja akataja jina na kazi yake, na mdogo kabisa chumbani akaruhusiwa kusema, "Subirini." Alama ya vema unaweza kuiweka hata kama hakuna aliyefungua mdomo.

Nimeyaona haya kwenye ofisi moja ya huduma za jamii niliyoitwa kuisaidia. Fomu mpya ya kumsaili mteja ilikuwa nzuri, imefanyiwa utafiti wa kutosha. Watumishi walipelekwa semina siku mbili. Lakini fomu ya zamani haikuondolewa, na foleni ilibaki ile ile. Basi ile mpya ikawa inajazwa jioni, kwa kukumbukakumbuka, wateja wakiwa wameshaondoka. Kwenye ripoti utekelezaji ulikuwa asilimia mia. Siwalaumu wale watumishi hata kidogo. Walibebeshwa mzigo juu ya mzigo.

Linganisha na Michigan, Marekani, ambako daktari Peter Pronovost na wenzake walishughulikia maambukizi yatokanayo na mirija inayoingizwa kwenye mishipa mikubwa ya damu ya wagonjwa mahututi. Hatua zilikuwa tano tu, na hakuna iliyokuwa siri: nawa mikono, safisha ngozi kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu), mfunike mgonjwa ipasavyo, epuka mshipa wa kinena, toa mrija usiohitajika. Nguvu ilikuwa katika maandalizi. Vifaa vyote viliwekwa kwenye toroli moja ili daktari asihangaike kuvitafuta. Wauguzi wakapewa mamlaka ya kusimamisha kazi hatua ikirukwa. Kila wodi ikawa inarudishiwa takwimu zake za maambukizi mara kwa mara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha maambukizi yamepungua kwa hadi asilimia 66 katika miezi 18.

Toroli lile nalipenda sana. Linamheshimu mtumishi: badala ya kumhubiria, linamrahisishia kufanya lililo sahihi.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kukubali kuendesha semina yoyote, naomba kwanza kukaa pembeni ya dawati la huduma nione kazi inavyokwenda. Kisha namuuliza mkuu wa ofisi: jambo hili jipya likiingia, lipi litatoka? Swali hilo huwanyamazisha wengi, maana kuongeza agizo ni saini moja, ilhali kufuta lililopo kunahitaji mtu wa kulibeba. Ile ofisi ya fomu mbili ilichukua miezi minne kupata ruhusa ya kuiacha ya zamani. Wiki iliyofuata, fomu mpya ilianza kujazwa mteja akiwa ameketi mbele ya mtumishi.