"Mshauri, niambie basi nifanyeje"

Mwenye duka mmoja wa Mwanjelwa alikuja kwangu asubuhi ya Julai, kwenye ile baridi ya Mbeya inayomfanya mtu aongee mikono ikiwa kwapani. (Nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike.) Koti hakuvua. Kwa dakika tano alieleza: usiku halali, chakula hakipiti, mteja akiuliza bei anatamani kumfukuza. Kisha akatazama saa. "Haya mshauri, nimeshakwambia. Niambie basi nifanyeje, kuna mzigo wa viazi nauwahi."

Simlaumu. Jina lenyewe la kazi yetu ndilo linalodanganya. Ukisema "ushauri nasaha", ushauri halafu nasaha juu yake, mtu atategemea kuondoka na maelekezo, kama anavyotoka duka la dawa na "kimoja asubuhi, kimoja jioni". Ukweli ni kwamba ushauri ndicho kitu ninachokitoa kwa uchache kuliko vyote. Wanaofika kwangu wameshashauriwa mpaka basi: na shemeji, na mchungaji, na mwenyekiti wa vikoba. Walichokosa ni mtu wa kuwasikiliza dakika hamsini bila kuwakatiza wala kuwasimulia yaliyompata yeye. Yule bwana, mara ya tatu tulipokutana, nilimuuliza tu usingizi ulianza kukatika lini. Alinyamaza sana. Akashusha zipu ya koti, akasema: "Tangu tumzike kaka." Miezi minane, na alikuwa hajalitamka hilo kwa mtu.

Kusikiliza kwa namna hiyo watu hufundishwa, na si lazima wawe na digrii. Zimbabwe, tangu 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda amekuwa akiwafundisha mabibi kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliozungumza na mabibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Jina hilohilo lina mzigo mwingine. Njombe, Iringa na Mbeya zimekuwa miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, kwa hiyo wengi wetu "ushauri nasaha" tuliusikia mara ya kwanza tukisubiri majibu ya kipimo. Mama wa Uyole akionekana amekaa mlangoni kwangu, majirani wanaanza hesabu zao. Kumbe amekuja kwa sababu ya msiba, au mikopo ya kausha damu.

"Mimi siyo wa Mirembe bwana." Hiyo naisikia kila mara; Mirembe ni ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili. Panda Hiace iliyojaa ya Uyole kwenda Mbalizi, kisha uhesabu vichwa. Wengi wa hao hawatalazwa popote, Dodoma hawataiona. Na waliolazwa Mirembe nao hutibiwa, wakarudi kwao.

Na wanaotafuta usingizi kwa komoni na ulanzi, kwa kifupi: pombe hukulaza haraka, halafu inakuamsha saa nane usiku na mawazo yaleyale.

Dhana ninayoiogopa kuliko zote ni kwamba ukimuuliza mtu kama anafikiria kujiua, utakuwa umempa wazo. Hapana. Swali la utulivu, la moja kwa moja, halimpandikizii kitu. Mara nyingi linamtua mzigo. Tatizo ni kwamba kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, basi mtu anaogopa polisi na ndugu kwa pamoja. Kwa maoni yangu kifungu hicho kinaziba midomo tunayohitaji ifunguke. Uliza: "Kaka, umefikia kuwaza kujitoa uhai?" Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, mpeleke hospitali.

Na wanaodhani mshauri hana ya kwake: mimi nina dada mmoja wa fani hii ninayemfuata Iringa. Safari iliyopita nilifika nimechoka na basi, nikakaa, nikajikuta nasema, "Dada, niambie basi nifanyeje." Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.